Siku Bikizee Alipolishwa Sabuni

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya shule, Salka alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akakatiza theluji ya uani, akaingia katika nyumba ya vioo ambamo mama yake, Hildur, alikuwa amepanda nyanya. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ndani mlikuwa na joto kama la kitanda ambacho mtu ametoka kukiacha. Salka alisimama mbele ya kipimajoto kilichotundikwa nguzoni, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kisha akarudi mbio jikoni kutoa habari.

“Mstari umeamkaje?” babu yake aliuliza, mikono yake miwili ikiwa imekumbatia kikombe cha kahawa.

“Ishirini na mbili, Babu. Umeamka vizuri.”

“Basi na sisi tutakula.”

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Babu Ketill mwenyewe. Macho yake yalipomwachia mwanga na giza tu, alimkabidhi mjukuu wake, pamoja na somo moja. Alimweleza kwamba ndani ya kijibomba kile cha kioo mna spiriti iliyotiwa rangi nyekundu, na kimiminiko kikipata joto hutanuka. Kikitanuka hudai nafasi zaidi. Chini kuna kioo, pembeni kuna kioo, kwa hiyo hupanda juu. Kikipoa hunywea, kikashuka. “Kila kilichobanwa hutafuta pa kutokea,” alisema Babu, “hata mtoto aliyekatazwa kucheka kanisani.”

Joto la nyumba ya vioo lilitoka mlimani, kwa Bikizee. Hilo lilikuwa jina la chemchemi ya maji moto iliyokuwa juu kidogo ya shamba lao. Ilikuwa na bakuli pana la mawe, na katikati ya bakuli kulikuwa na koo lililozama ardhini, kusikofika kamba ya mtu yeyote. Maji yalipanda yenyewe kutoka humo, yakajaza bakuli, kisha yakateremka kwa bomba mpaka kwenye nyanya. Wahenga waliiita Bikizee kwa sababu mgongo wa mawe yake ulikuwa na kibyongo, tena haikuacha kunung’unika usiku na mchana. Enzi hizo Bikizee aliruka. Alikaa kimya, akavimba, halafu akarusha maji angani kupita mnara wa kanisa. Lakini tangu ardhi ilipotetemeka, Salka akiwa bado mtoto wa kubebwa, hakuruka tena. Alibaki kunung’unika na kutoa mvuke.

Bonde lao lilikuwa jembamba, na katikati ya majira ya baridi jua halikuweza kuuvuka mlima wa kusini. Wiki nyingi zilipita watu wakiona mwanga wake tu ukipita juu ya vichwa vyao, kama tajiri asiyesalimia. Siku lilipochungulia kwa mara ya kwanza, kazi zote zilisimama. Watu walipika chapati za maji, wakazinyunyizia sukari na kuzikunja, wakachemsha kahawa, wakaenda kukaa mahali ambapo jua litaangukia.

Kila siku hiyo ilipokaribia, Babu alisimulia hadithi ileile, na hakuna aliyemkatiza. Alipokuwa kijana alisimama siku ya jua na sahani yake, karibu na msichana wa ng’ambo ya mto ambaye hakuwa na ujasiri wa kumsalimia. Ghafla Bikizee akaruka. Msichana akashtuka, na chapati yake ikaanguka juu ya kiatu cha Ketill. Msichana huyo alikuwa Oddny, ambaye baadaye alikuja kuwa bibi yake Salka, na ambaye sasa alilala makaburini kando ya kanisa. “Bila Bikizee,” Babu alimalizia kila mara, “ningekuwa nimesimama palepale mpaka leo, na sahani mkononi.”

Mwaka huu hadithi ilikuwa na mkia mchungu. Baada ya siku ya jua Babu alikuwa ahamie mjini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyokuwa karibu na kwa shangazi. Ngazi zenye barafu zilikuwa zimeshamwangusha, na Mama aliogopa kumwacha peke yake. Babu alikubali bila kubishana, na huko kutobishana ndiko kulikomuumiza Salka. Jioni moja alimuuliza atakosa nini huko mjini.

Babu alifikiri. “Mandhari sitayakosa, maana siyaoni. Ila ningependa nimsikie Bikizee akiruka, mara moja tu.” Alisema kwa wepesi, kama mtu anayeomba aongezewe sukari. Kisha akauliza kama mkate mweusi uliofukiwa kwenye udongo moto umeshaiva.

Yeye alisahau. Salka hakusahau.

Siku iliyofuata, wakitoka shuleni, alimweleza jirani yake Bragi. Bragi alimzidi Salka mwaka mmoja, na tangu azaliwe hakuwahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Alisema dawa ni rahisi, ni sabuni. Watu wa zamani walizilisha chemchemi sabuni wageni walipokuja kutazama, zikaruka palepale. Lakini kwa mzee aliyelala miaka yote hiyo, sabuni peke yake haitatosha. Lazima ashindiliwe kooni mabonge ya nyasi na udongo wake, apaliwe, apate hasira.

Salka alimkumbusha kwamba mama yake amewakataza kabisa kucheza karibu na Bikizee.

“Amekukataza kucheza,” Bragi alijibu. “Hii siyo kucheza. Hii ni kazi.”

Siku ya jua iliangukia Jumamosi. Asubuhi, Mama akiwa jikoni anageuza chapati, Salka aliingia chumba cha kufulia, akachukua miche miwili ya sabuni na kuificha ndani ya sweta. Bragi alimngoja mlimani na koleo. Bonde zima lilikuwa limeganda, lakini udongo wa pembeni mwa Bikizee haugandi hata siku moja, kwa hiyo mabonge ya nyasi yalikatika kama keki. Walirusha sabuni kwanza. Kisha wakarusha mabonge, moja baada ya jingine, mpaka mikono ikauma. Maji yakatoa mapovu, yakaguguma, yakazidi kuwa meusi. Halafu kule kunung’unika kulikozoeleka kukakoma.

“Anatafuna,” Bragi alinong’ona.

Walingoja mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Bikizee hakufanya lolote. Wakakubaliana kwamba huenda anasubiri jua, na kwamba hakuna atakayeambiwa. Akiruka, ionekane ameruka mwenyewe, kwa kumpenda Babu.

Ilipokaribia saa sita majirani walifika na visahani vyao. Meza iliandaliwa ndani ya nyumba ya vioo, katikati ya safu za nyanya, na Babu akaketishwa kwenye benchi lake. Alikuwa amevaa sweta aliyofumiwa na Bibi Oddny. Mazungumzo yalikuwa ya kondoo, ya barabara, ya nani amenenepa. Kisha watu wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu ukingo wa mlima ulikuwa umeanza kung’aa.

Jua likachungulia. Mwanga ukaingia kwa vioo, ukapita juu ya majani, ukafika kwenye benchi. Babu aliinua uso, akafumba macho yake yasiyoona. “Ndiye huyo,” alisema taratibu. “Karibu, bwana. Ulitupotea.”

Wote walimtazama Babu. Salka peke yake ndiye aliyetazama mlimani. Mvuke wa Bikizee, ambao siku zote ulisimama mnene kama nguzo, ulikuwa umebaki uzi mwembamba.

Mama naye akahisi jambo. Aliweka birika chini, akashika bomba lililopita chini ya meza, akaliachia, akalishika tena. “Salka, hebu nisomee.”

Salka alisogea kwenye nguzo. “Kumi na saba.”

“Soma vizuri. Jua limetoka, ungepanda.”

“Ni kumi na saba, Mama. Na unashuka.”

Bomba lilikuwa limepoa. Majirani walianza kukisia. Mmoja alisema labda ardhi imejigeuza tena huko chini, mwingine alikumbuka chemchemi ya bonde la pili iliyokauka kwa siku moja. Mama hakusema mengi. Alisema tu kwamba kama Bikizee amekufa, nyanya hazitafika kesho, na bila nyanya yeye hana la kufanya katika bonde hili. Baba yake Bragi akatoka kwenda kutafuta mablanketi ya kufunika mimea. Mama akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa mlangoni. “Nitakwenda kumchokonoa koo,” alisema. “Labda kuna jiwe limeanguka.”

Bragi aliitazama chapati yake kana kwamba ni karatasi ya mtihani.

Salka alikaa kando ya Babu. Maneno yalikuwa yamemkwama kama yale mabonge. Alijiambia kwamba Mama atachokonoa mara moja, nyasi zitatoka, maji yatarudi, na siku ya mwisho ya Babu haitaharibiwa na kesi. Alijiambia mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini.

Babu aliipapasa mikono ya Salka, akaipata, akaifunika kwa yake ili aipashe joto. Kisha akaiinua karibu na uso.

“Mikono hii inanukia siku ya kufua,” alisema. “Na leo hakuna aliyefua.”

Salka alijaribu kuivuta mikono yake.

“Bikizee amepewa sabuni?”

Salka alitikisa kichwa kukubali.

“Mjukuu wangu, mimi sioni vichwa. Nataka kusikia.”

Hapo hapakuwa na pa kujificha. “Ndiyo, Babu,” alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. “Miche miwili.” Baada ya neno hilo la kwanza yaliyobaki yalikuja yenyewe. “Na nyasi. Tumemziba koo. Nilitaka umsikie.”

Vidole vya Babu vilikaza, lakini hakumkaripia. Alisema upesi na kwa sauti ya chini. “Sikiliza. Maji ya kule chini ni moto kupita moto wa kuchemka. Hayachemki kwa sababu yamekaliwa na uzito wa maji ya juu, na sasa mmeyakalisha na nyasi. Mama yako akitikisa kile kizibo, au kikilegea chenyewe, yatachemka yote kwa mpigo na kuja juu. Kimbia. Usimwambie ‘njoo’, atakujibu ‘ngoja’. Mwambie ukweli.”

Salka alikimbia. Theluji ilimfika magotini, akaanguka, akainuka. Nyuma yake alisikia miguu ya Bragi. Mama alikuwa ameshafika kwenye ukingo wa bakuli. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa bomba, naye alikuwa ameinama, mtaimbo umeelekea kooni.

“Mama!”

“Ngoja kidogo,” Mama alijibu bila kugeuka.

“Mimi nimemtia sabuni, Mama. Tumemziba koo kwa nyasi. Babu anasema ataruka.”

Mama aligeuka. Alimtazama Salka kwa muda mfupi kuliko pumzi moja. Kisha akauacha mtaimbo palepale, akashuka kwa hatua kubwa, akamkamata Salka ukosi kwa mkono mmoja na Bragi kwa mkono wa pili, akawavuta mpaka nyuma ya ukuta wa mawe wa zizi la kondoo.

Hawajakaa sawasawa, ardhi iligonga chini ya miguu yao, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani. Ikagonga tena. Maji katika bakuli yakavimba kama shavu, meusi na yenye kung’aa, halafu shavu likapasuka na Bikizee akaruka. Nyasi, matope, mapovu na maji vilipaa pamoja, vikaupita ukuta, vikaupita mwamba, vikaenda kukutana na jua. Mngurumo wake ulitikisa vifua vyao. Mtaimbo nao uliinuliwa, ukapinduka hewani, ukaanguka kwa kishindo mahali ambapo Mama alikuwa ameinama.

Mama aliutazama ule mtaimbo. Aliwabana watoto wote wawili kifuani mpaka Bragi akalalamika kwamba hapumui.

Babu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya vioo, ameshika mwimo wa mlango, jirani akimshikilia kiuno. Upepo uliteremsha manyunyu kutoka juu, yakiwa yamepoa njiani, yakamtua usoni na kwenye sweta ya Oddny. Yalinukia sabuni. Alikuwa akicheka, na mashavu yake yalikuwa na maji ambayo si yote yaliyotoka kwa Bikizee.

“Babu, umemsikia?” Salka aliuliza, akihema.

“Nimemsikia. Lakini nisikudanganye. Kabla hajaruka nilikuwa natega sikio nisikie sauti ya mama yako. Hiyo ndiyo niliyoitaka kuliko ya Bikizee.”

Shida haikuishia hapo. Bikizee alikuwa ametapika kila kitu, na bakuli lilibaki tupu. Ilibidi angojewe ajae upya, na jua lilikuwa limeshajiondokea nyuma ya mlima. Mstari mwekundu ukafika kumi na mbili, kisha kumi na moja. Mablanketi hayakutosha. Basi majirani wakavua makoti, wakavua masweta, wakaleta hata mifarishi ya vitandani, na muda si muda nyanya zikawa zimevaa vizuri kuliko watu. Bragi alikwenda mwenyewe kwa baba yake, akasema sehemu yake. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkabidhi ndoo na kumtuma kusafisha chujio la bomba, lililojaa matope na utelezi wa sabuni.

Salka alimfuata na brashi. “Usinung’unike,” alimwambia. “Hii siyo kucheza. Hii ni kazi.”

Giza lilipoanza kuingia, bomba likakohoa. Likatema hewa, likatema matope, kisha maji yakaanza kupita, moto na safi. Salka alisimama mbele ya kipimajoto mpaka shingo ikauma. Mstari ulikuwa umegota kwenye tisa. Ulikaa hapo muda mrefu. Halafu ukajivuta juu, polepole, kama Babu anavyoinuka kwenye benchi.

Safu moja haikupona, ile ya karibu na mlango. Kesho yake Mama na Salka walipiga magoti pamoja kuing’oa. Majani yalikuwa yamelegea na kuwa meusi. Walifanya kazi mpaka nusu ya safu, ndipo Mama akasema.

“Ulitaka kumfurahisha babu yako. Kwa hilo sikugombezi. Lakini uliiba sabuni, ukavunja katazo, kisha ukakaa mezani ukiniona nachukua mtaimbo.”

“Nilidhani yataisha yenyewe, Mama.”

“Najua. Kila anayeficha hudhani hivyo.” Mama alikung’uta udongo kwenye mizizi. “Mtazame Bikizee. Maji yake ni makali, lakini yametulea miaka yote kwa sababu yana pa kutokea. Mlipoyaziba hayakwenda kokote. Yalikaa chini yakikusanya nguvu. Jambo ulilolificha nalo ni hivyohivyo. Ukilisema likiwa bichi, litakuchoma kidogo na kupita. Ukiliziba, siku litakapotoka halitachagua wa kumuunguza. Jana lingeniunguza mimi.” Alimpangusa Salka shavu kwa mkono wenye udongo, akamwachia doa. “Ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema. Mara nyingine sema mapema. Haya, leta miche mipya. Safu hii utaipanda wewe.”

Wiki iliyofuata Babu alihamia mjini, na sweta yake, na kikombe chake cha kahawa. Asubuhi ya kwanza baada ya hapo Salka alikatiza theluji, akasoma, akarudi jikoni, akapiga simu.

“Mstari umeamkaje?” sauti iliuliza kutoka mbali.

Nje kulikuwa na dhoruba, na Salka angeweza kabisa kutaja namba ya kumpendeza mzee.

“Kumi na nane tu, Babu. Umeamka vibaya. Na miche yangu miwili imelala chini.”

Upande wa pili kukasikika kicheko alichokijua.

“Asante kwa kuniambia,” alisema Babu. “Sasa isimamishe kwa vijiti, nikueleze jinsi ya kuifunga.”